SWICHI YA MTANDAO: HISABU KWANZA, KUNUNUA BAADAYE

Ndugu wanachama,

Katika Mkutano Mkuu wetu uliopita, tulipofika kwenye fungu la matumizi ya afisi, mzee mmoja alisimama akasema: "Bwana Katibu, hicho kisanduku cha matundu mnachotaka kukinunua kina kazi gani hata bei yake ishinde bei ya majamvi kumi?" Watu walicheka. Mimi sikucheka, kwa kuwa suali lile lilikuwa la haki, na jawabu nililolitoa siku ile lilikuwa fupi na halikutosha. Fedha ni za wanachama, na mwanachama ana haki ya kujua shilingi yake imekwenda wapi na kwa nini. Basi nimeomba nafasi katika kurasa hizi nijibu kwa ukamilifu. Na kwa kuwa najua kuwa wanachama wengi sasa wana maduka, nyumba za wageni, au watoto wenye afisi zao ndogo mjini, nitalieleza jambo hili kwa namna ambayo kila mmoja aweza kuitumia siku atakayokwenda dukani.

Kisanduku hicho huitwa swichi ya mtandao. Lakini kabla sijaeleza namna ya kukichagua, sina budi nianze na kosa, na kosa hilo ni langu mwenyewe.

Siku ya mvua

Afisi yetu ilipoanza kuwa na kompyuta zaidi ya moja, nilikwenda dukani nikanunua swichi ya matundu matano, iliyokuwa rahisi kuliko zote zilizopangwa pale. Sikuuliza lolote. Ilipojaa nilinunua nyingine kama ile, nikaziunga mbili hizo kwa waya mmoja, zikakaa chini ya meza yangu pamoja na fundo la nyaya ambalo hata mimi sikujua upi unatoka wapi na upi unakwenda wapi. Na kila aliyeniuliza nilimwambia kuwa nimekiokolea Chama fedha.

Msimu uliopita, siku moja katikati ya uchumaji, wanachama walileta karafuu zao ghalani kupimwa kama kawaida, ili ziandikwe na kupakiwa katika gari la Chama kwenda kituo cha kununulia. Mawingu yalikuwa yamekwisha tanda. Kijana aliyekuwa akifagia afisi aliona ncha ya waya imelala sakafuni, akadhani imechomoka, na kwa wema wake akaichomeka katika tundu tupu. Kumbe ncha ya pili ya waya ule ilikuwa imo katika swichi ya pili. Kufumba na kufumbua taa zote za swichi zikawa zinawaka na kuzimika kwa pamoja, na kila kitu kikasimama. Kompyuta ya mizani haikuweza kulifungua daftari la wanachama, mashine ya kuchapia haikutoa stakabadhi, na fundi tuliyempigia simu hakupatikana.

Tukarudi kwenye kalamu na karatasi. Gari lililokuwa liondoke kabla ya adhuhuri liliondoka baada ya alasiri, na mvua ikalikuta njiani. Na katika haraka ile karatasi moja ilipotea. Gunia mbili za bibi mmoja, mwanachama wetu wa siku nyingi, zilikwenda bila ya jina lake. Bibi yule hakugomba. Alikuja afisini kila asubuhi, akakaa barazani, akauliza, "Mwanangu, bado?" nami nikimjibu, "Bado kidogo, bibi." Zilipita siku tisa mpaka tulipoiona karatasi nyuma ya kabati, na haki yake ikafika mkononi mwake.

Siku tisa hizo ndizo bei ya kweli ya swichi niliyoinunua kwa kutazama urahisi peke yake. Nimekwisha mtaka radhi yeye, na hapa nawataka radhi wanachama wote. Kijana wa kufagia hana kosa. Afisi ambayo mtu mmoja akichomeka waya mmoja yote hufa, kosa ni la aliyeipanga.

Swichi ni nini?

Mwenye kompyuta moja na simu yake hana haja ya swichi. Haja huja pale vyombo vingi katika nyumba moja vinapotaka kusemezana: kompyuta ya mhasibu inataka kuona kilichoandikwa mizani, kompyuta zote zinataka kutumia mashine moja ya kuchapia, kamera zinataka kuweka picha zao mahali pamoja. Swichi ni kisanduku chenye matundu. Kila chombo huchomekwa kwa waya wake, na swichi hupokea khabari kutoka tundu moja na kuipeleka kwenye tundu la yule anayestahiki kuipata.

Inajuaje? Kila chombo cha mtandao kina namba yake kilichopewa kiwandani. Swichi huzisoma namba hizo khabari zinapopita, ikaweka kumbukumbu kuwa namba fulani iko katika tundu fulani. Ni kama mpeleka barua aujuaye mtaa wake: barua ya Bwana fulani huipeleka mlangoni kwake, haisomi sokoni kwa sauti. Visanduku vya zamani, vilivyoitwa habu, ndivyo vilivyokuwa vikisoma sokoni. Neno likiingia tundu moja lilitoka matundu yote, na vyombo viwili vikisema kwa wakati mmoja maneno yalivurugika, ikawa lazima kurudia.

Mtindo huu wa kuunganisha kompyuta kwa waya huitwa Itheneti, nao ulianza Marekani mwaka 1973 katika maabara ya kampuni ya Xerox, kwa kazi ya Robert Metcalfe na David Boggs. Swichi ya kwanza ya Itheneti iliyouzwa ilitoka mwaka 1990 katika kampuni iliyoitwa Kalpana, na ilikuwa na matundu saba. Tangu hapo swichi zimekuwa ndogo na rahisi mpaka habu zikatoweka madukani. Ukiletewa habu ya mtumba, hata kwa bure, iache.

Yafaa pia tusichanganye swichi na ruta. Ruta ni mlango wa nyumba, nayo ndiyo inayokuunganisha na ulimwengu wa nje, yaani intaneti. Swichi ni ukumbi wa ndani. Kwa hivyo usinunue swichi kwa kutumaini kuwa intaneti itakwenda mbio zaidi. Ikiwa kampuni ya simu inakupa maji ya kikombe, swichi haitakuletea ndoo.

Na ruta nyingi za nyumbani huwa na matundu manne nyuma yake. Mwenye televisheni moja na kompyuta moja anatosheka na hayo, azuie fedha zake afanyie jambo jingine. Hiyo ndiyo nasaha ya kwanza: tazama nyuma ya ruta yako kabla ya kwenda dukani.

Hisabu ya matundu

Mkulima hachumi karafuu nyingi kuliko majamvi na sakafu aliyonayo. Akizichuma kupita kiasi na zikalala chungu zikiwa mbichi, hupata moto zikawa mpeta, na bei ya mpeta kila mmoja wetu anaijua. Na swichi ni hivyo hivyo. Huanzi na kisanduku, unaanza na hisabu ya utakachokichomeka.

Chukua karatasi, zunguka nyumba nzima, andika kila chombo chenye kutaka waya. Sisi tulifanya hivyo, Mhasibu, fundi na mimi. Katika afisi tulipata kompyuta mbili, mashine ya kuchapia moja, diski ya kuwekea nakala za madaftari moja, ruta moja, chombo cha kutoa waifai kimoja, na kamera mbili kati ya nne ambazo Mkutano Mkuu uliziidhinisha. Jumla yake ni nane. Katika ghala tulipata kompyuta ya mizani moja na kamera mbili, jumla tatu.

Sasa tazameni mtego ulipo. Swichi huuzwa kwa matundu matano, manane, kumi na sita, ishirini na manne, na kuendelea. Mtu akiona vyombo vinane hununua swichi ya matundu manane, akafurahi kuwa amepatia barabara. Mwezi wa pili inakuja kompyuta mpya, hana pa kuichomeka, ananunua kisanduku cha pili akakiunga kwa waya, na waya huo wa kuungia unakula tundu moja huku na tundu moja kule. Mimi ndivyo nilivyofanya: matundu matano na matano yakanipa manane tu ya kutumia, na fundo chini ya meza. Akiba haiozi. Ukishapata hisabu yako, ongeza robo yake au zaidi, kisha nunua saizi inayofuata juu. Kwa hivyo afisi ilistahiki matundu kumi na sita na ghala matundu manane.

Kwa nyumba ya mtu, manane kwa kawaida yanatosha na kubaki. Ishirini na manne usiyanunue bila ya sababu, kwa kuwa nyingi za swichi hizo kubwa huwa na pangaboi ndani, nalo hupiga kelele na huvuta vumbi.

Mwendo

Juu ya kisanduku utaona namba zimeandikwa 10/100, au 10/100/1000. Namba ya mwisho ndiyo ya kutazama. Inakuambia ni megabiti ngapi zinaweza kupita kila sekunde katika tundu moja. Yenye kuishia 100 ni ya mtindo uliowekwa mwaka 1995. Yenye kuishia 1000 huitwa ya gigabiti, na kanuni yake kwa nyaya za kawaida za shaba iliwekwa mwaka 1999. Mbili hizi hukaa dukani bega kwa bega, zikiwa na sura moja.

Nitatoa mfano. Kila jioni Mhasibu huweka nakala ya madaftari na stakabadhi zilizopigwa picha katika diski ya akiba. Tuseme mzigo ni gigabaiti 5. Baiti moja ni biti nane, kwa hivyo mzigo ni gigabiti 40. Kwa swichi ya 100, kwa hisabu ya kitabuni, kazi hiyo inachukua sekunde 400, yaani karibu dakika saba, na kwa vitendo huzidi. Kwa swichi ya gigabiti ni sekunde 40. Dakika saba si nyingi kwa mtu mwenye subira, lakini saa ya magharibi katika msimu, watu wamechoka na gari limerudi, kazi ya dakika saba huahirishwa mpaka kesho, na kesho ikawa kesho kutwa. Nakala isiyowekwa ni sawa na nakala isiyokuwapo.

Tofauti ya bei baina ya mbili hizi siku hizi ni ndogo, na swichi mpya ya kununua leo iwe ya gigabiti. Ziko na zenye mwendo wa gigabiti mbili na nusu, kwa kanuni ya mwaka 2016, ambazo zinawafaa watu wa kutengeneza sinema na mizigo kama hiyo. Chama cha wakulima hakina haja nazo.

Umeme ndani ya waya

Baadhi ya swichi hupeleka khabari na umeme pamoja katika waya ule ule. Zimeandikwa herufi PoE. Faida yake ni kubwa kwa kamera na kwa chombo cha waifai kinachotundikwa darini, kwa kuwa waya mmoja unatosha, huhitaji kumwita fundi wa umeme aweke soketi juu ya ukuta.

Lakini hapa ndipo wengi hupata khasara. Kanuni ya kwanza ya umeme huu, ya mwaka 2003, inaruhusu swichi itoe wati 15.4 kwa tundu moja. Ya pili, ya mwaka 2009, wati 30. Mnunuzi husoma kuwa kisanduku kina matundu manane ya PoE akadhani kila tundu litatoa kiasi hicho kwa wakati mmoja. Piga hisabu: nane mara 15.4 ni wati 123.2. Kisha kigeuze kisanduku usome jumla ya umeme kinachoweza kutoa. Mara nyingi utakuta wati 60 au karibu na hapo. Ni kama kisima kimoja chenye ndoo nane: ndoo ziko, lakini maji ni yale yale.

Na kasoro hii hujificha mchana. Kamera hula umeme mdogo kukiwa na mwangaza. Jua likichwa, taa zake za kuonea gizani huwaka, ulaji unapanda, na swichi iliyozidiwa hulizima tundu moja au mawili. Mwenye nyumba asubuhi anaona kila kamera inafanya kazi, na mwizi anakuja usiku. Kwa hivyo jumlisha wati za vyombo vyako kwa kiwango chao cha juu kabisa, cha usiku. Kwetu afisini ni kamera mbili za wati 10 na chombo cha waifai cha wati 13, jumla wati 33. Tukataka swichi yenye jumla isiyopungua wati 60.

Tena hakikisha imeandikwa 802.3af au 802.3at. Hizo ndizo namba za kanuni nilizozitaja, na swichi ya kanuni hukiuliza chombo kwanza kama kinataka umeme kabla ya kukipa. Vipo vifaa vinavyosukuma umeme bila ya kuuliza, na kuchomeka kompyuta hapo ni khatari.

Waya

Kamba hukatikia pembamba. Swichi nzuri yenye waya mbaya ni kazi bure. Waya wa kununua uwe umeandikwa Cat5e au Cat6 ubavuni, na uwe wa shaba khalisi. Ukiona herufi CCA, jua kuwa ndani ni aluminiamu iliyopakwa shaba juu. Waya huo ni rahisi, lakini hukatika upesi, na ukipitishwa umeme wa kamera hupata moto kuliko shaba. Ukwangue kidogo kwa kisu: ukiona weupe ndani, rudisha.

Kila waya tuliouweka sasa una kijikaratasi katika ncha zote mbili chenye jina lake. Kazi hiyo ilichukua asubuhi moja, na kila nikikumbuka siku ya mvua natamani ningeifanya tangu mwanzo.

Baina ya afisi na ghala

Waya wa shaba wa mtandao haupaswi kuzidi mita 100. Tulipima kwa utepe kutoka afisini mpaka ghalani tukapata mita 130. Waya niliokuwa nimeupitisha mimi ulikuwa umevuka mpaka, ndiyo maana kompyuta ya mizani ilikuwa ikipotea na kurudi, nasi tukimlaumu karani bure.

Iko sababu ya pili, tena kubwa zaidi. Waya wa shaba unaotoka nyumba moja kwenda nyingine uwanjani hualika radi. Si lazima radi ipige waya wenyewe. Ikipiga karibu inatosha kupeleka mshtuko katika swichi na vyombo vyote vilivyounganishwa nayo. Dawa ya mambo yote mawili ni faiba, yaani uzi wa kioo. Kioo hakipitishi umeme, na khabari ndani yake husafiri kwa mwangaza, ikaenda mamia ya mita bila ya taabu. Ili kuitumia, swichi iwe na tundu la pekee lililoandikwa SFP, ambalo huingizwa kijisanduku cha faiba. Tukachagua swichi zote mbili, ya afisi na ya ghala, ziwe na tundu hilo.

Mwenye nyumba moja yenye vyumba vinne hana haja nalo, asilipie asichokitumia.

Kitanzi

Sasa turudi kwenye siku ya mvua. Zipo khabari ambazo swichi hulazimika kuzipeleka matundu yote, mfano wa mtu anayeita, "Nani mwenye namba fulani?" Swichi mbili zikiungwa kwa nyaya mbili, mwito ule hutoka swichi ya kwanza ukaingia ya pili, ukarudi ya kwanza kwa waya mwingine, ukaenda tena, na kila mzunguko mwingine unazaliwa. Hauna mwisho. Katika sekunde chache mtandao wote umejaa miito ya zamani, na neno la kweli halina pa kupita. Hicho huitwa kitanzi.

Dawa yake ilibuniwa mwaka 1985 na bibi mmoja wa Kimarekani, Radia Perlman. Alitunga kanuni ya kuzifanya swichi zijuane, zione penye njia mbili, na kuifunga mojawapo mpaka itakapohitajika. Swichi za kawaida za bei ndogo nyingi hazina kanuni hiyo. Swichi zangu mbili hazikuwa nayo.

Hapa yabidi nieleze aina mbili. Ipo swichi ya kawaida: unaichomeka umeme, unachomeka nyaya, basi. Haina la kuiamrisha. Kwa nyumba na duka dogo hiyo ndiyo ya kununua, ila uliza kama ina kinga ya kitanzi, kwa kuwa baadhi yake siku hizi zinayo. Na ipo swichi ya kuamrishwa, ambayo fundi huifungua kwa kompyuta na neno la siri akaipangia kazi. Hiyo huwa na kinga ya kitanzi, na ina uwezo mwingine uliotufaa: kuutenga mtandao mmoja kuwa sehemu mbili zisizoonana. Mgeni anayekuja afisini akaomba waifai apate intaneti yake, lakini asiweze kulifikia daftari la wanachama. Chama kimepewa amana ya majina na hisabu za watu, na amana hailindwi kwa kutumaini tu kuwa wageni wote ni wema.

Lakini anayenunua swichi ya kuamrishwa ajue ina haki zake. Neno la siri lililotoka nalo kiwandani libadilishwe siku ya kwanza. Programu yake ya ndani isasishwe kila kampuni inapotoa mpya. Asiye na fundi wa kumtegemea bora abaki na ya kawaida.

Mahali pa kuiweka

Swichi haitaki mengi: ukavu, hewa, na umeme uliotulia. Sisi watu wa visiwani tuna unyevu na chumvi, tuna mijusi na sisimizi wapendao joto, na ghalani tuna vumbi. Chagua yenye bati badala ya plastiki, na isiyo na pangaboi. Itundike ukutani, usiiweke sakafuni wala chini ya dirisha, wala usiifunge katika sanduku lisilopitisha hewa.

Tangu mwaka 2010 Pemba yetu inapata umeme kwa waya mkubwa uliopitishwa chini ya bahari kutoka Tanga. Hata hivyo umeme hukatika, na mshtuko wa kurudi kwake ndio uuao vyombo. Swichi ndogo hula wati chache tu, kwa hivyo betri ndogo ya akiba yaweza kuishikilia pamoja na ruta kwa muda wa kutosha kumaliza kazi. Swichi yenye kulisha kamera hula zaidi, na betri yake ipimwe kwa hisabu hiyo.

Uamuzi wa Kamati

Kwa hisabu hizi Kamati ilikubali swichi mbili za gigabiti. Ya afisi ina matundu kumi na sita, manane yake yenye PoE, ya kuamrishwa. Ya ghala ina matundu manane, manne yake yenye PoE, ya kuamrishwa vile vile. Zote zina tundu la faiba, na baina yake imepita faiba ndani ya bomba ardhini. Tulipata bei katika maduka matatu, na hatukuchukua ya chini kabisa wala ya juu kabisa. Tulichukua ya duka lililotupa stakabadhi yenye namba ya chombo na dhamana kwa maandishi. Karatasi zote ziko katika jalada la matumizi, na mwanachama yeyote aweza kuja kuzisoma saa za kazi.

Kabla ya kulipa, tulifanya jaribio moja mbele ya Mwenyekiti. Nilichukua waya nikauchomeka ncha zote mbili katika swichi ile ile, kama kijana alivyofanya siku ile. Taa ya tundu moja ikazimika, na kompyuta zikaendelea na kazi zao kama hapakuwa na kitu. Hapo ndipo nilipotia sahihi.

Kwa mwenye kwenda dukani kwa ajili ya nyumba au afisi yake, nafupisha. Hisabu vyombo vyako, uongeze robo au zaidi. Taka ya gigabiti. Ukiwa na kamera, jumlisha wati za usiku, ulinganishe na jumla iliyoandikwa, wala si na idadi ya matundu. Waya uwe wa shaba khalisi, usizidi mita 100. Ukivuka uwanja, taka faiba. Uliza habari ya kitanzi. Mwenye duka akishindwa kukujibu, nenda la pili. Kuuliza si ujinga.

Nayo kalamu na karatasi hatukuzitupa. Liko daftari moja lenye kurasa zilizopigwa namba, limefungwa kwa kamba mezani pa mizani, ili siku ambayo umeme, betri na swichi vyote vitatuacha, pasiwe na karatasi ya kupotea nyuma ya kabati. Bibi yangu yule nimemwonyesha daftari hilo na kisanduku kipya pia. Alivitazama vyote viwili, akasema kuwa yeye anataka jina lake tu liwe mahali ambapo litaonekana.

Hilo ndilo tulilonunua, ndugu wanachama. Mwenye suali lingine na aje afisini, atakaribishwa kwa kheri.

Wabillahi tawfiq.

Katibu wa Chama